Injini Iliyotengenezwa Ikikosa Nguvu: Jinsi Kosa Linavyotafutwa

Si jambo geni kumwona mwenye gari akilirudisha gari lake gereji siku chache tu baada ya kulitoa huko. Injini imefunguliwa, vali zimesagwa, gasketi mpya zimetiwa, fedha nyingi zimetumika. Walakini gari linakwenda vibaya kuliko lilivyokwenda kabla halijatengenezwa. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi huulaumu uzee wa gari, na mara nyingi shauri hukatwa kwa kununua kipuri kingine. Kipuri hicho kikishindwa kuondoa ugonjwa, hununuliwa cha pili. Hivyo ndivyo magari mengi ya zamani yanavyokufa: hayafi kwa uchakavu, bali wenyewe huishiwa fedha kabla kosa halijajulikana.

Mfano utakaotumika hapa ni wa Land Rover ya Series III yenye injini ya petroli ya silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Magari hayo yaliundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, nayo yalienea katika Afrika Mashariki kwenye mashamba, idara za serikali, misheni na shule. Machache yangali yakitembea. Msomaji na afikirie gari moja la namna hiyo, mali ya shule iliyo karibu na Horohoro, katika Wilaya ya Mkinga, mahali ambapo barabara itokayo Tanga huingia Kenya kuelekea Lunga Lunga na Mombasa. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65. Barabara hiyo, iliyokuwa ya udongo, ilitiwa lami katika mpango wa Millennium Challenge wa miaka ya 2008 hadi 2013, kwa hiyo dereva wa leo hawezi tena kusingizia mashimo na matope. Gari hilo ndilo linalobeba wanafunzi wagonjwa usiku, wala shule haina jingine.

Gari limekaa gereji mjini Tanga kwa miezi 3. Silinda hedi iliyokuwa imepinda imekwanguliwa na kunyooshwa, vali zimesagwa, gasketi zimebadilishwa. Siku ya kulichukua injini inawaka vizuri, lakini dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, inatikisika na kuzimika. Barabarani, mwendo ukiongezeka, inatulia. Kisha baada ya kupita Mabokweni ugonjwa mwingine unatokea: nguvu zinapungua, na katika ekzosi unasikika mdundo mmoja ulio pungufu, mithili ya ngoma iliyopotezewa pigo. Dereva anageuza gari na kurudi.

"Fundi, gari halitulii. Nikiachia mafuta linazima, na njiani linamisi."

"Hapo ni kabureta tu, mzee. Lete kabureta mpya, utaona litakavyokwenda."

Huenda fundi amesema kweli. Lakini ameagiza dawa kabla ya kumpima mgonjwa, na kabureta ni kifaa cha bei kubwa. Kabla ya kukinunua yafaa kuuliza injini inahitaji nini ili ifanye kazi, na kati ya mahitaji hayo ni lipi linalokosekana.

Mahitaji ya injini

Injini ya mipigo minne iliyoundwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876 ilifuata kanuni ambayo haijabadilika. Katika mpigo wa kwanza pistoni hushuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli kupitia vali ya kuingizia. Katika mpigo wa pili hupanda, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, na mchanganyiko hugandamizwa. Katika wa tatu cheche huuwasha mchanganyiko huo, na gesi zenye joto kali huisukuma pistoni chini. Katika wa nne vali ya kutolea hufunguka na moshi husukumwa nje. Basi injini yataka mambo matatu: mchanganyiko wa kadiri, mgandamizo wa kutosha (mafundi huuita kompresheni), na cheche yenye nguvu. La nne ni kwamba yote hayo yatokee kwa wakati wake.

Wakati huo ni mfupi mno. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila mpigo huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde, na silinda 4 huhitaji cheche 100 katika kila sekunde. Mchanganyiko nao hauwaki wote mara moja kama baruti; moto husafiri kutoka kwenye plagi hadi kwenye kuta za silinda. Ikiwa safari hiyo huchukua sehemu mbili za elfu za sekunde, krenki itakuwa imezunguka nyuzi 36 kabla moto haujafika mwisho. Kwa sababu hiyo cheche lazima itangulie pistoni kufika juu, na injini inavyokwenda kasi ndivyo cheche inavyopaswa kutangulia zaidi. Katika magari ya zamani kazi hiyo hufanywa na vipande vidogo vya chuma vilivyo ndani ya distribyuta, ambavyo hutanuka kwa nguvu za mzunguko. Vikishikwa na kutu, jambo la kawaida katika hewa yenye chumvi ya pwani, gari huwaka vizuri na kunguruma vizuri, lakini halina nguvu barabarani.

Kuanza na kilichoguswa

Kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni nyepesi: gari lililokuwa likienda kabla ya matengenezo na sasa haliendi, huenda limeharibiwa na matengenezo yenyewe. Kwa hiyo vilivyofunguliwa ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Kwa gari la Horohoro vilivyofunguliwa ni silinda hedi, manifoldi, nyaya za plagi na kabureta. Gia hazikuguswa, hakuna haja ya kuanzia huko.

Kanuni ya pili husahauliwa na wengi. Kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, na matokeo yaandikwe. Mtu anayegeuza skrubu ya kabureta, akasogeza distribyuta na kubadili plagi kwa pamoja hawezi kujua ni lipi lililofaa, tena huenda moja limefaa na jingine limeharibu, na mwisho gari likabaki vile vile. Mwanafunzi wa fizikia huifahamu kanuni hii katika maabara, ila akifika gereji huiacha mlangoni.

Nyaya za plagi hukaguliwa kwanza kwa kuwa hazigharimu chochote. Injini hii huwasha silinda zake kwa utaratibu wa 1-3-4-2, na rota ya distribyuta huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Tuseme nyaya za silinda ya 2 na ya 3 zimebadilishana. Pistoni hizo mbili hupanda na kushuka pamoja, lakini moja inapomaliza kugandamiza, nyingine inamaliza kutoa moshi. Cheche ya kila moja itakwenda kwa mwenzake na kupotea bure. Pengine itauwasha mchanganyiko unaoanza kuingia, na kabureta itakohoa moto. Injini itatembea kwa silinda 2 tu. Ajabu ni kwamba itatembea, na mtu asiyejua atadhani imechoka.

Baada ya nyaya huja pointi za distribyuta. Pointi zikifungana, mkondo wa umeme hupita katika koili na kuifanya sumaku. Zikiachana, usumaku hutoweka ghafla, na badiliko hilo huzalisha maelfu mengi ya volti kutokana na betri ya volti 12 tu. Mwingereza Michael Faraday aliigundua kanuni hiyo mwaka 1831. Nafasi ya pointi katika distribyuta za Lucas zilizofungwa kwenye injini hizi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, pointi huachana mapema, kwa hiyo cheche nayo hutangulia. Ikiwa ndogo, cheche huchelewa. Hii ndiyo sababu pointi hupimwa kabla ya taimingi, wala si baada yake. Fundi anayeweka taimingi kwanza kisha akarekebisha pointi ameiharibu kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Kondensa nayo ikifa, pointi huungua na kuwa nyeusi, na cheche hugeuka nyembamba na ya manjano badala ya kuwa nene na ya samawati.

Tukirudi kwenye mfano, gari la shule lilipochunguzwa hivyo lilionekana halina kosa la umeme. Nyaya zilikuwa mahali pake na cheche ilikuwa na nguvu. Kabureta bado ilishukiwa.

Hewa isiyoalikwa

Petroli huwaka kikamilifu ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa kama 1 kwa 14.7 kwa uzito. Maana yake, lita moja ya petroli huhitaji hewa ya zaidi ya lita 9,000. Kazi ya kabureta ni kupima uwiano huo, nayo hupima ile hewa inayopita ndani yake tu. Hewa ikipata njia nyingine ya kuingia, kabureta haina habari nayo, na mchanganyiko huwa mwepesi, wenye hewa nyingi na petroli kidogo.

Hesabu ndogo yaonyesha kwa nini ugonjwa huo hujitokeza injini inaponguruma polepole na kutoweka barabarani. Ikizunguka mara 600 kwa dakika, injini ya lita 2.286 huweza kumeza lita 686 kwa dakika, maana kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko 2. Lakini mlango wa kabureta umefungwa karibu wote, na kanieneo ndani ya manifoldi ni kama theluthi moja tu ya kanieneo ya hewa ya nje. Kwa hiyo hewa halisi inayopita ni lita 230 hivi. Tundu lenye kipenyo cha milimita 3 huweza kuvuta kiasi cha lita 60 kwa dakika chini ya ombwe hilo. Zaidi ya robo ya hewa yote! Hakuna kabureta inayoweza kustahimili hayo. Sasa dereva akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 na mlango wazi: injini inameza zaidi ya lita 3,000 kwa dakika, ombwe limekwisha karibu lote, na tundu lile lile haliingizi kitu cha kuhesabika. Injini inatulia, na dereva anaamini imepona.

Katika Land Rover hii mahali pa kutazama panajulikana. Manifoldi ya kuingizia na ile ya ekzosi ziko upande mmoja wa silinda hedi, zimeungana kwa bolti, na zinashirikiana gasketi. Zimeunganishwa makusudi ili joto la ekzosi lisaidie kuifanya petroli iwe mvuke. Lakini zikikazwa zenyewe kwa zenyewe kwanza, nje ya injini, nyuso zao huenda zisiwe katika usawa mmoja; zikija kufungwa kwenye hedi, moja hubana na nyingine hubakiza mwanya. Utaratibu ulio sahihi ni kuacha bolti za muungano zikiwa zimelegea, kuzifunga manifoldi zote mbili kwenye hedi, na kuzikaza zile za muungano mwishoni. Tofauti ni ya dakika chache.

Historia nayo ina sehemu yake. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa tena 1983, na katika miaka hiyo vipuri vilikuwa adimu nchini Tanzania. Fundi aliyekosa gasketi ya kiwandani alikata yake kwa mkasi na nyundo ndogo. Ustadi huo ni wa kusifiwa, na ungali ukitumika kwa gasketi za pampu ya maji na nyinginezo zisizokutana na joto kali. Kwa manifoldi, karatasi ya kawaida huungua na kufungua mwanya ule ule.

Uvujaji hutafutwa kwa maji ya sabuni. Injini ikinguruma, maji hayo hupakwa kwa brashi kidogo kidogo penye maungio ya manifoldi, chini ya kabureta na kwenye mpira wa ombwe uendao kwa breki au distribyuta. Mlio ukibadilika ghafla, au povu likivutwa ndani, mwanya umepatikana. Wapo wanaonyunyiza petroli badala ya maji, kwa kuwa badiliko lake husikika zaidi. Huo ni upumbavu wa hatari: petroli inanyunyizwa inchi chache tu juu ya ekzosi iliyo moto, na cheche za umeme zipo karibu.

Katika gari la mfano, povu lilivutwa mwisho wa manifoldi, upande wa silinda ya 4. Manifoldi zilifunguliwa, zikasafishwa, zikafungwa upya kwa utaratibu. Injini ilinguruma kwa utulivu bila kubadili kabureta.

Kosa la pili

Dereva aliondoka kwa furaha, na kilomita chache baada ya Mabokweni mdundo pungufu ukarudi. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angesema kazi ya kwanza ilikuwa ya bure. Lakini tazama: asubuhi, injini ikiwa baridi, ilinguruma vizuri, jambo ambalo siku iliyotangulia haikuliweza. Kosa la kwanza lilikwisha. Lililobaki ni jingine, lenye tabia yake: halionekani baridi, huonekana moto. Magari yaliyofunguliwa injini mara nyingi huwa na makosa mawili kwa pamoja, na la kwanza hulifunika la pili.

Ni kitu gani katika injini hubadilika kwa joto? Vyuma vyote hurefuka. Fimbo ya chuma yenye urefu wa milimita 100 ikipashwa joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi huongezeka karibu milimita 0.36. Kwa sababu hii kati ya mkono unaoisukuma vali na ncha ya vali yenyewe huachwa nafasi, ambayo mafundi huiita nafasi ya tapeti. Kwa injini hii ni milimita 0.25. Nafasi ikikosekana, vali iliyorefuka haiwezi kurudi mpaka kwenye kiti chake. Hubaki wazi kwa unyoya tu, na unyoya huo hutosha kuutoa mgandamizo wote.

Matengenezo ya hedi hupunguza nafasi hiyo kwa njia tatu. Vali iliyosagwa huzama zaidi katika kiti chake, na ncha yake husogea juu kuelekea mkono. Hedi iliyokwanguliwa huwa nyembamba, na mikono huukaribia ufito unaotoka chini. Tena gasketi mpya ya hedi hulala taratibu kwa joto na kukazwa, na mikono hushuka pamoja nayo. Fundi aliyepima tapeti kabla ya kuikaza hedi mara ya mwisho amepima kitu ambacho hakipo tena.

Madhara yake hayaishii kwenye nguvu. Vali ya kutolea hukaa katikati ya moto, na sehemu kubwa ya joto lake hulipeleka kwenye kiti inapokuwa imefungwa. Isipokifikia kiti, hubaki na joto lote, na gesi za moto hupenya pembeni mwake zikiikata kama mwale wa kuchomelea. Vali huungua ukingo katika muda mfupi, na hedi hufunguliwa tena. Ni vema kukumbuka kwamba tapeti iliyolegea hupiga kelele na kujitangaza, ilhali iliyobana hunyamaza. Wenye magari hulalamikia ya kwanza na kuifurahia ya pili.

Kuthibitisha dhana hii hakuhitaji chombo cha kigeni. Land Rover za zamani zina hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Swichi ikiwa imezimwa na waya wa koili umeondolewa, hendeli huzungushwa mizunguko 2 kamili, na mkono huhisi mikazo 4, mmoja kwa kila silinda. Mikazo ikilingana, mgandamizo unalingana. Mmoja ukiwa laini, silinda moja inavuja. Jaribio lifanywe injini ikiwa baridi, kisha lirudiwe ikiwa moto, maana katika gari hili jibu la baridi pekee lingepotosha. Anayezungusha asiushike mpini kwa kuzungushia dole gumba. Injini ikipiga kinyume huvunja kifundo cha mkono.

Aliye na geji ya kompresheni atajua zaidi. Namba yenyewe haina uzito sana kama tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imepasuka kati yake. Moja ikiwa chini, kijiko kimoja cha oili hutiwa kwenye tundu la plagi na kipimo hurudiwa: ikipanda, oili imeziba mwanya wa ringi, isipopanda, uvujaji uko kwenye vali. Gari la shule lilipopimwa likiwa moto, silinda ya 3 ilikuwa chini sana, na oili haikuisaidia.

Kurekebisha tapeti za injini ya vali 8 kuna hesabu nzuri ambayo wanafunzi huipenda. Vali huhesabiwa kutoka mbele, 1 hadi 8. Vali ya 8 ikiwa wazi kabisa, hurekebishwa ya 1. Ya 6 ikiwa wazi, hurekebishwa ya 3. Ya 4 kwa ya 5. Ya 7 kwa ya 2, na kinyume chake. Jumla daima ni 9. Sababu si uchawi: vali zimepangwa kwa ulinganifu tangu mbele hadi nyuma, na silinda ya 1 na ya 4, kadhalika ya 2 na ya 3, hutofautiana kwa mzunguko mmoja kamili wa krenki. Basi vali moja inapokuwa wazi kabisa, ile inayoikamilishia 9 imekaa mbali na mgongo wa kemshafti unaoisukuma, nayo imefungwa barabara.

Petroli, mlima na pwani

Si kila ugonjwa unaofuata matengenezo umeletwa na matengenezo. Gari lililolala miezi 3 karibu na bahari hupata kutu ndani ya tangi, na maji hutona humo kutokana na unyevu wa hewa. Takataka hizo husogea gari linapoanza kutembea na kuziba chujio. Dalili yake hufanana na ile ya tapeti, kwani nayo huja baada ya kilomita kadhaa, lakini tofauti ni kwamba chujio lililoziba huzinyima petroli silinda zote kwa pamoja. Injini hufifia yote, haipotezi mdundo mmoja.

Mahali nako kuna nguvu zake. Lushoto, mjini, ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Kabureta iliyopimwa Lushoto ili isitoe moshi mweusi itakuwa na njaa ya petroli ikishushwa Horohoro, na iliyopimwa Horohoro itavuta petroli kupita kiasi ikipandishwa Usambara. Gari halina kosa. Limepimwa penye hewa nyingine.

Kuna badiliko jingine lililoyakuta magari haya uzeeni. Yaliundwa wakati petroli ilipotiwa risasi, ambayo, pamoja na sumu yake, ililainisha viti vya vali. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondolewa. Ulimwenguni kote petroli hiyo kwa magari ilikoma 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Uamuzi huo umeokoa afya za watoto wengi. Ila katika baadhi ya injini za zamani zenye viti laini, vali za kutolea huchimba viti vyake polepole, na nafasi ya tapeti hupungua kila mwezi. Kwa injini hizo dawa ni kufunga viti vya chuma kigumu hedi inapofunguliwa. Asiyefanya hivyo na apime tapeti mara nyingi zaidi.

Hatari iliyo ndani ya moshi

Fundi aliyeshindwa kuona mwanya wa manifoldi huweza kuuficha kwa kufungua skrubu ya kabureta ili petroli iwe nyingi. Injini hutulia kidogo, plagi hugeuka nyeusi kwa masizi, na petroli huliwa bila hesabu. Lililo baya zaidi halionekani. Petroli ikikosa hewa ya kutosha, kaboni yake haiungui hadi mwisho, bali hutoa gesi ya monoksaidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huikamata hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mtu hufa kwa kukosa oksijeni ilhali anapumua. Muungano wa ekzosi uliolegea chini ya sakafu ya Land Rover yenye matundu huiingiza moja kwa moja kwa abiria walioketi nyuma, hasa turubai linapofungwa kwa sababu ya mvua. Abiria akilalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu, gari lisimamishwe, wote watoke nje wapate hewa, na ekzosi itazamwe kabla ya safari kuendelea. Vivyo hivyo injini isipimwe ndani ya gereji iliyofungwa milango.

Silinda ya 3 ya gari la shule ilikutwa na tapeti ya vali ya kutolea isiyo na nafasi yoyote. Bolti za hedi zilikazwa kwa utaratibu wa kuanzia katikati kwenda pembeni, tapeti zote 8 zikapimwa upya, na hendeli ikatoa mikazo 4 iliyolingana, baridi na moto. Ukingo wa vali ulikuwa haujaungua. Safari mbili au tatu zaidi za Horohoro zingetosha kuuunguza. Gharama ilikuwa gasketi moja ya manifoldi na kazi ya siku moja. Baada ya kilomita mia chache za kwanza bolti za hedi zitakazwa tena, na tapeti zitapimwa baada yake.